Waisale wa Kwenye Kompyuta

Savusavu, Fiji,
9 Machi 2003

Binamu Waisale,

Najua u mzima, maana ungekuwa umekufa ningeshatumwa mimi kuongoza kilio. Kwa hiyo salamu tuziruke. Nina jambo na siwezi kulishikilia mpaka mwisho wa ukurasa.

Wanafunzi wa zamani wameiletea shule yetu kompyuta tatu. Mwalimu mkuu amenikabidhi mimi ufunguo wa chumba, ati mwalimu wa jiografia ndiye mwenye nafasi. Ndani ya kompyuta moja nimekuta programu ya muziki. Unaandika zile herufi za gitaa ulizokuwa ukiwapigia vijana kelele, C, F, G, mstari baada ya mstari. Unachagua mwendo, wa kucheza au wa kanisani. Unabonyeza kitufe. Waisale, inapiga. Ngoma, besi, kinanda na gitaa vinaingia kwa pamoja kama watu waliofanya mazoezi mwaka mzima, na wewe kazi yako ni kuimba tu.

Unanijua. Tangu tulipokuwa wadogo kichwa changu kimejaa nyimbo na mikono yangu haijui kitu. Kila wimbo wangu umepitia kwenye gitaa lako, na kila ulipopitia uliupeleka unakotaka wewe. Nikisema polepole, unakimbia. Nikisema furaha, unaniletea msiba. Sasa nimekaa mbele ya mashine isiyobisha. Haiombi kinywaji cha yaqona katikati ya ubeti, haitoki nje kuvuta sigara, haiongezi mwendo wasichana wakipita.

Nimeshamaliza wimbo mmoja. Unahusu mwanamke aliyeweka sufuria ya magimbi kwenye chemchemi ya maji ya moto pale karibu na gati, akageuka kupiga soga, aliporudi akakuta sufuria imekwenda. Ubeti wa kwanza anamshuku jirani, wa pili anamshuku mchungaji, wa tatu anamshuku mumewe. Niliuimba peke yangu chumbani mpaka mlinzi akaja kuchungulia, akabaki, akaanza kucheza na rungu lake.

Redio ina mashindano ya nyimbo mpya. Kanda nimeshaituma.

Shangazi, mama yako, anakusalimu. Ananiuliza kila nikienda kijijini Vunikura kama umeniandikia. Ni miaka sita sasa tangu uondoke, na mazishi ya baba yako yalipita bila wewe. Sisemi zaidi ya hapo.

Ni mimi binamu yako mwenye bendi,
Makereta


Griffith, Australia,
30 Machi 2003

Mwalimu Makereta,

Hongera kwa kupata bendi ya watu wasiokula. Ninavyokujua kwa mapishi yako, ni afadhali kwao.

Huku ni mavuno ya zabibu, tunaingia shambani kukiwa baridi na kutoka tumekauka kama samaki. Muziki sina nafasi nao. Gitaa limelala. Raga nayo nimeacha, sasa nawashangilia vijana nikiwa nimekaa.

Kuhusu mashine yako, sikatai kuwa inafuata herufi. Hata ng'ombe anafuata kamba. Mtu anapokupigia gitaa anakuangalia mdomo, anajua lini utavuta pumzi. Hiyo yako itakuacha njiani siku utakapokohoa.

Halafu umeniandikia herufi za wimbo wako pembeni mwa barua, na nimeona kosa. Mwisho wa kibwagizo unarudi C moja kwa moja. Mwanamke ameibiwa chakula, harudi nyumbani haraka namna hiyo. Mpitishe kwenye A ndogo kwanza, ile ya huzuni, asimame pale kidogo aangalie huku na huku, ndipo umrudishe C. Jaribu. Usiponishukuru ni shauri lako.

Mama mwambie mimi mzima. Mwambie nitakuja Krismasi.

Waisale


Savusavu,
21 Aprili 2003, Jumatatu ya Pasaka

Binamu,

Nilijaribu hiyo A ndogo yako. Sikushukuru, ila nilisimama nikazunguka chumba mara mbili. Yule mwanamke sasa anaonekana. Unamwona kabisa na kitambaa chake begani akitafuta sufuria. Nakuchukia.

Sasa sikiliza, na ukae chini kwanza.

Redio walinipigia simu ofisini. Wimbo wetu umeingia fainali, nyimbo nane kutoka visiwa vyote. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, watoto dirishani, na yule mtangazaji ana sauti ya asali. Akaniuliza bendi yangu inaitwaje na wanamuziki ni akina nani. Waisale, ulimi wangu ulikwenda wenyewe. Nilitazama nje nikamwona dereva wa basi, nikasema ngoma ni Vuniyaro. Jogoo wa jirani akawika, naye anaitwa Kitione, nikasema besi ni Kitione. Mke wa mchungaji alikuwa anapita na mwavuli, nikampa kinanda. Akasema, na gitaa hilo zuri? Nikasema Waisale Tuinabua. Sikufikiri. Mtu akiniuliza gitaa, jibu langu ni hilo tangu nina miaka minane.

Wakayasoma majina yote hewani Ijumaa Kuu baada ya ibada. Dereva amefurahi, anapiga honi kila akinipita. Mke wa mchungaji nilidhani atanila, kumbe ameanza kujifunza kinanda. Kitione hajasema lolote.

Ila mama yako naye alikuwa anasikiliza.

Jumamosi nilikwenda Vunikura. Nyumba imefagiliwa mpaka chini ya ngazi, mikeka mipya imetandikwa, nguruwe amefungwa peke yake anasubiri. Watu wameshaambiwa. Shangazi alinishika mkono akaniketisha, akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki kuniaibisha, "Makereta, mwanangu yuko Savusavu tangu lini? Kwa nini anajificha kwako?"

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nikasema bado hajafika, yuko njiani. Ndivyo nilivyosema. Akacheka, akaniambia basi yeye atakwenda Suva kwenye fainali akae mbele kabisa amwone akipiga.

Fainali ni Jumamosi ya tarehe 14 Juni, alasiri, bendi zote jukwaani. Usinipigie simu, simu ya shule ina masikio kumi. Niandikie. Unaweza kuja? Karatasi zako ziko sawa, ulishaniambia. Njoo upige huu wimbo mmoja, halafu unitukane ukiwa umekaa kwenye mkeka wa mama yako.

Makereta


Griffith,
4 Mei 2003

Makereta,

Siji.

Umechukua jina langu ukaliweka kwenye mashine bila kuniuliza, sasa mama anafunga nguruwe. Utani una mipaka hata kati ya mabinamu. Nenda ukamwambie ukweli, kwamba gitaa ni la kompyuta na mimi niko huku.

Mimi sipigi gitaa. Sipigi Suva, sipigi Vunikura, sipigi popote. Usiniulize tena.

Waisale


Savusavu,
18 Mei 2003

Waisale,

Nimekwenda. Nimemwambia. Nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira nyingine ni ya kwangu mwenyewe, kwa hiyo soma polepole.

Nilimweleza kila kitu kuanzia simu hadi jogoo. Hakunigombeza. Alikunja ukingo wa mkeka, kisha akasema, "Kama kuna kitu kinapiga kwa jina la mwanangu, nataka nikisikie." Jumatatu akapanda basi la Vuniyaro, amevaa nguo ya kanisani, mpaka shuleni.

Nikamweka kwenye kiti changu. Nikabonyeza. Alisikiliza wimbo wote ameegemeza sikio kwenye spika. Nilipomwuliza, akasema, "Ni mzuri. Lakini huyu siye. Mwanangu kabla ya kubadilisha huwa anachelewa kidogo, kama mtu anayefungua mlango akiwa amebeba kitu." Waisale, mimi nimeimba na wewe miaka ishirini na sijawahi kulisema jambo hilo vizuri hivyo. Ni kweli. Mashine haichelewi.

Akaniomba nimpigie tena. Mara ya pili alilia, lakini kidogo, halafu akanisifia ubeti wa mchungaji.

Suva amesema haendi. Kama wewe hupo, hana la kufuata Suva. Nguruwe amemfungulia.

Alipokuwa anapanda basi kurudi alinipa ujumbe wa kukufikishia, na mimi naufikisha kama ulivyo. Alisema, "Mwambie sijui anaogopa nini, lakini chochote kile, mimi si wa kuogopwa."

Sasa mimi nakuuliza kwa niaba yangu. Nilidhani umenuna kwa sababu ya mashine. Nilidhani ni kiburi. Nimesoma tena barua zako za miaka miwili hii, zote, na hakuna hata moja uliyosema umepiga wimbo fulani mahali fulani. Zamani ulikuwa huandiki chochote zaidi ya hicho. Unanificha nini?

Mimi sijui nitafanya nini hiyo tarehe kumi na nne. Vijana wa hapa wakijaribu wimbo wanaugeuza wa kwao. Nafikiri nijitoe.

Makereta


Griffith,
1 Juni 2003

Binamu Makereta,

Usijitoe.

Ujumbe wa mama niliusoma nimesimama kwenye sanduku la posta, na nikaenda nao kazini, na nikarudi nao. Nimejibu mara tatu na kuchana. Hii naipeleka hata ikiwa mbaya.

Mwaka wa juzi, wiki moja kabla ya baba kufariki, nilikuwa kwenye mkanda unaopeleka zabibu kwenye mashine ya kukamua. Kikapu kilikwama, nikaingiza mkono wa kushoto kukivuta, na mtu wa upande wa pili hakuniona, akawasha. Kidole cha kati na cha pete vilikwenda. Nilikuwa hospitali simu ya msiba ilipokuja. Daktari alisema naweza kusafiri. Nilisema siwezi. Nilifikiria kuingia Vunikura siku ya mazishi, watu wote wamekaa, na baada ya yote mtu fulani angenipa gitaa nimwimbie baba, kama ilivyo kawaida yetu, na mimi ningetoa mkono huu mbele ya mama. Nikabaki. Kila mwezi uliopita ukafanya mwezi uliofuata uwe mgumu zaidi.

Ndiyo maana barua yako ya kwanza ilinichoma. Ulikuwa unacheka mashine inapiga gitaa, na mimi nimekaa na gitaa lisilo na mtu. Na ulipoipa mashine jina langu, niliwaza kwamba huyo Waisale wako wa kwenye kompyuta ana vidole vyote.

Lakini kuna la pili, na hili ndilo lililonifanya nisichane barua hii. Kuna Mtonga mmoja hapa, wa visiwa vya Tonga, Sione, anapiga besi kanisani kwao, ana kompyuta nyumbani. Baada ya barua yako ya Pasaka nilikwenda kwake nikamwuliza kama anaijua programu hiyo. Anayo. Nilikaa kwa ubishi tu, nione kosa lake. Nikaandika herufi kwa kidole kimoja. C, halafu A ndogo. Makereta, ilipopiga nilisahau mkono. Nilikaa mpaka mke wa Sione akaniletea chakula pale pale kwenye kiti. Nyimbo zilizonifia kichwani zote zilikuwa bado zipo, zimejipanga mlangoni. Nimeandika nne kwa mwezi mmoja. Moja ni ya kanisani na Sione anasema atawaibia Wafiji aipeleke kwa Watonga. Nimekuwa kama wewe, nikitembea naongea peke yangu. Watu wa shambani wananihama.

Na nimegundua jinsi ya kuichelewesha. Ingia sehemu ya mapigo, kabla ya ile A ndogo weka kimya cha nusu pigo kwa gitaa peke yake. Ngoma na besi uziache ziendelee. Mama yuko sahihi, ndipo ninapochelewa mimi. Sikujua.

Kwa hiyo usitafute vijana. Funga hiyo kompyuta kwenye mkeka, panda nayo meli, iweke jukwaani watu waione. Sema kweli, kisha imba. Wakikufukuza, umefukuzwa ukiwa unaimba wimbo wako kama ulivyo.

Habari za mkono usimwambie mama. Hilo ni langu.

Waisale


Suva,
15 Juni 2003

Binamu yangu,

Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya meli. Niliisoma nikiwa nyuma ya jiko la shule, mahali pekee pasipo na watoto. La mkono wako nitalijibu nikikuona uso kwa uso, kwa sababu nikilijibu hapa karatasi itaharibika. Nasema tu kwamba wewe ni mjinga, na kwamba nilikupenda kabla hujajua hata herufi moja.

Sasa Suva.

Kompyuta ilisafiri imefungwa kwenye mikeka miwili, na baharia mmoja alidhani ni maiti akavua kofia. Mwalimu mkuu amekuja nayo mwenyewe, hakuniachia hata waya. Ukumbi ulijaa mpaka watu wamekaa kwenye madirisha. Waliotutangulia ni kundi la kutoka Rewa, wanaume sita na magitaa, wanaimba juu kabisa mpaka mgongo unasisimka. Halafu mtangazaji akatuita: Makereta na bendi yake. Nikatoka peke yangu nasukuma meza yenye magurudumu.

Mtangazaji akauliza wengine wako wapi. Nikachukua kipaza sauti, nikasema yote. Nikasema Vuniyaro ni dereva wa basi na saa hii yuko kwenye basi. Nikasema Kitione ni jogoo. Hapo watu wakaanza kucheka, na kicheko kikanipa nguvu. Nikasema kwamba gitaa nimelipa jina la binamu yangu Waisale Tuinabua, ambaye yuko Australia, na ambaye kila nilichojua cha wimbo nilikijua kwake, na kwamba mashine hii inajitahidi kumwiga lakini haimfikii. Kisha nikabonyeza kitufe.

Nusu pigo yako ilifanya kazi. Ilipofika pale kwenye kibwagizo, gitaa likasita, likaingia, na mama mmoja wa mbele akasema "aa" kwa sauti, kama mtu aliyeguswa begani. Ubeti wa pili walishakijua kibwagizo. Ubeti wa tatu, ninapomshuku mume wangu, wanawake wote walisimama kuwaonyesha wanaume wao vidole. Nilipomaliza waliendelea kuimba bila mimi, na kompyuta ilikuwa imeshanyamaza.

Majaji walibishana mbele yetu sote. Mmoja alisema bendi ni watu, basi. Mwingine alisema, "Bendi si ya watu, lakini wimbo ni wa mtu, na mtu huyo amesimama hapa." Tumepewa nafasi ya tatu. Rewa wamechukua ya kwanza na ni haki yao. Wale wanaume sita walinijia baadaye wakaniomba herufi za wimbo. Mmoja alitazama ile A ndogo, akatikisa kichwa, akauliza ni nani aliyeifikiria.

Nabaki Suva wiki mbili, redio wanataka kuurekodi vizuri. Nitumie zile nyimbo zako nne kwa anwani iliyoko nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Makereta, wa tatu katika Fiji nzima


Vunikura,
17 Juni 2003

Makereta,

Sijui umeniandikia wapi, ila kama ni Griffith, barua hiyo Sione ndiye atakayeisoma.

Nilipokutumia ile ya mwisho nilidhani nimemaliza. Wiki hiyo hiyo nilimaliza wimbo wa tano, ukawa ni wa baba, na hakukuwa na mtu wa kumwimbia. Nikaenda kwa msimamizi nikaomba ruhusa, nikanunua tiketi kabla sijapoa. Nimefika kijijini Jumamosi yenyewe ya fainali, mchana, kwenye basi la Vuniyaro. Hakuwa ameniona miaka sita. Alipiga honi kuanzia daraja la kwanza hadi hapa, kwa hiyo sikuweza kuingia kimya kama nilivyopanga.

Mama alitoka mlangoni amefunga kiunoni sulu yake ya kazi. Mkono nilikuwa nimeutia mfukoni. Alinikumbatia, akanusa shavu langu, kisha bila kuuliza akauvuta ule mkono akaufungua juu ya kiganja chake. Aliutazama. Mimi nilikuwa natazama kuku. Akapitisha kidole chake pale palipokatika, taratibu, kila mahali, akasema, "Hiki tu?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Miaka miwili, Waisale. Kwa hiki."

Aliniacha nilie nikiwa nimesimama, kisha akaniambia nazi ziko kule nyuma, nikakune, watu watakuja kula. Nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi saba kwa mkono na nusu, na hakuna aliyekuja kunisaidia, maana aliwakataza.

Alasiri nilikwenda kwa mjomba na jino la nyangumi la kuombea msamaha, nililobebeshwa na Wafiji wa Griffith, tukaenda naye kaburini. Wimbo wa baba niliuimba bila chombo chochote. Mjomba alishika sauti ya chini.

Tuliporudi nyumba ilikuwa imejaa, redio iko katikati ya mkeka, na nazi zilikuwa hazijatosha, mama akanirudisha nje kukuna nyingine. Nilikuwa hapo dirishani nakuna ulipoanza kusema. Tulikusikia wote. Uliposema jogoo, watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Halafu ukafika kwenye jina langu, ukawaambia watu wa Fiji nzima kwamba binamu yako yuko Australia.

Mama akainuka na mwiko mkononi akaielekea redio. "Muongo huyo mtoto! Waisale yuko dirishani anakuna nazi!"

Sikuusikia ubeti wa kwanza, Makereta. Hakuna aliyeusikia, kwa kelele. Itabidi uje utuimbie.

Waisale